Tende ya Tatu

Darsait, Alkhamisi, baada ya Laasiri

Mwanangu Nasra,

Salamu nazifupisha, maana bado tunakaa nyumba moja na ufunguo wako uko hapa mezani mbele yangu. Wewe na mama yako mmekwenda Mabela kuwaaga shangazi zako, na nnavyowajua shangazi zako, hawatakuachieni mpaka mle mara mbili. Nimesema siendi, mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi. Nnataka kukaa na karatasi hii kabla hamjarudi, kwa sababu kesho asubuhi ntakupeleka uwanja wa ndege na nnajijua. Ntakuuliza pasipoti iko wapi, ntakuuliza tena, ntagombana na mtu wa mizigo kwa ajili ya kilo mbili, halafu utakuwa umeshapita kule ndani na mimi sijasema kitu.

Mambo ya koti, ya baridi ya Uskochi, ya kupiga simu na kusali kwa wakati, mama yako keshakwambia yote, na aliyoyasahau kakuandikia kwenye daftari. Sitayarudia. Mie nna jambo moja tu, na ni la miaka kumi. Linamhusu bibi yako, Mungu amrehemu, na linahusu tende.

Unajua nnalolisema. Wewe huli tende. Hapa kwetu kila mgeni akiingia ni kahawa na tende, na wewe toka una miaka tisa hupeleki mkono kwenye sahani ile. Ramadhani unafuturu kwa maji na sambusa. Shangazi zako wanakucheka, "Mwomani gani huyu hali tende?" Mama yako mbele yao anakutetea, anasema hupendi vitu vitamu, halafu wote wanakuona unavyoikomba halwa; wakishaondoka anakupigia kelele. Mimi peke yangu pale ndiye nnayejua sababu, na kila mara nnainamisha kichwa nnakitazama kikombe changu cha kahawa. Miaka kumi nnakitazama kikombe.

Hebu nikurejeshe nyuma, maana ulikuwa mdogo na ulichokiona ni kipande tu.

Bibi yako alikaa na sisi chumba kile ambacho baadaye kilikuwa chako. Unamkumbuka alivyokuwa. Kazaliwa Unguja, kaja huku mtu mzima, na mpaka anakufa akizungumza na jirani kwa Kiarabu alikuwa akimalizia kwa Kiswahili na jirani anaitikia tu. Na alikuwa mtu wa witiri. Kila kitu kwake lazima kiwe moja, tatu, tano. Mafunda ya maji matatu. Vikombe vya kahawa vitatu. Tende moja au tatu, mbili haziliwi katu. Mimi nilipokuwa mdogo nikichukua tende mbili ananitia ya tatu mdomoni mwenyewe, kwa nguvu, mpaka nakaribia kupaliwa. Ulipoanza kusoma Kurani chuoni na mwalimu akakwambia habari hiyo hiyo, alifurahi kama kwamba yeye ndiye aliyemtuma.

Ilipomshika saratani ya tumbo, wakaanza kumpiga zile sindano. Sindano zenyewe ndizo zilizotaka kumtoa roho kabla ya ugonjwa. Alikuwa akitapika siku tatu, nne, hata harufu ya wali unaochemka jikoni alikuwa haiwezi. Mama yako akawa anapika kwa jirani. Dawa za kuzuia kutapika alipewa, zikamsaidia mwanzo, halafu zikawa kama maji. Bangili zake zile za dhahabu, unazikumbuka, zikawa zikiteremka mpaka kwenye kiwiko kila akiinua mkono. Mimi ni mfamasia. Watu wa Ruwi nzima wanakuja dukani kwangu kuniuliza wafanye nini, na mama yangu yuko nyumbani anayeyuka, na mie sina cha kumpa.

Sasa, katika vijitabu wanavyotuachia mawakala wa dawa, kulikuwa na kimoja kilichosema kwamba nchi za nje wagonjwa wa sindano hizo wanapewa vidonge vya kitu kinachopatikana ndani ya bangi, kwa ajili ya kuzuia kutapika na kurudisha hamu ya kula. Mistari mitatu, haizidi. Vidonge hivyo hapa havikuwepo. Lakini bangi, mwanangu, haikosekani duniani. Nani aliniletea sitaandika, ana watoto wake. Unaijua sheria ya nchi hii. Ningelikamatwa nayo ungelikua ukija kunitazama nyuma ya vyuma, na mama yako asingepata wa kumtetea. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Si mama yako, si daktari, si bibi mwenyewe.

Mara ya kwanza niliichemsha. Cheka tu, mfamasia mzima na shahada yangu ukutani, nikaichemsha kama mchaichai, nikaichuja, nikampa kwenye gilasi na asali. Haikufanya kitu. Nikajisemea, basi hii hafifu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na yote yaliyobaki yamezaliwa humo.

Siku ya pili yake nikaipika taratibu kwenye samli, nikaikamua, na samli ile nikaikandia tende. Nikaziviringa vidonge vidonge, nikazitia kwenye kopo la bati la biskuti, nikaliweka juu ya meza ya dawa zake. Wewe ulirudi skuli ukauliza ni nini, nikakwambia hizo za bibi peke yake, ni dawa, usile. Hukula. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba ulikuwa mtoto msikivu.

Saa nane mchana nikampa moja. Nikakaa naye. Nusu saa nzima nnamtazama, hana kitu, anazungumza nawe habari za skuli. Nikakumbuka ile chai, nikasema yale yale, hafifu hii. Nikampa ya pili. Ilikuwa saa nane u nusu, nnaijua kwa sababu niliitazama saa ya ukutani, halafu nikafanya upumbavu na saa nimeitazama. Ilipokaribia Laasiri nikakwambia kaa na bibi, nikateremka kwenda msikitini.

Niliporudi, mlango wa nyumba ulikuwa wazi na jirani wa mbele na mkewe wameshaingia. Bibi yako yuko chini, karibu na mlango, ushungi umemtoka, mguu umepinda chini yake. Anatetemeka. Anautazama ukuta na anasema, "Mama, mlango haukufungwa. Mama, wanakuja." Hakunijua. Nimemshika mkono akaunyakua. Na wewe umesimama kando ya meza na kopo mkononi, kifuniko kimeanguka.

Nikakuuliza, "Umempa nini bibi yako?"

Ukasema, "Tende."

"Ngapi?"

"Moja."

"Nani kakwambia umpe? Umemuua bibi yako!"

Mbele ya watu, Nasra, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuitoa nyumbani mwangu. Ukaliweka kopo juu ya meza, taratibu, ukalifunika, ukaenda kujifungia ndani ya kabati la nguo. Mama yako ndiye aliyekutoa usiku.

Nnataka uelewe vizuri hapa, kwa sababu huenda umejiambia kwamba baba hakujua, baba alipigwa na bumbuwazi. Nilijua. Wakati nnakupigia kelele nilikuwa nnajua kwamba mna tende zangu mbili ndani ya mwili wa mama yangu. Khofu ilinijaa, nikautazama mkono wako mdogo ule na kopo, nikaona pa kuitupia. Ndivyo ilivyokuwa, sina maneno mengine ya kuipamba.

Hospitali nikamwambia daktari kashikwa na kizunguzungu akaanguka. Mimi ambaye kila siku nnawagombeza wateja wanaoficha dawa walizokunywa. Daktari angelijua angelielewa ile khofu na moyo ulivyokuwa ukimwenda mbio, asingehangaika kumpima kichwa na damu mpaka usiku. Nyonga ilikuwa imepata ufa. Ile hali yenyewe ilimtoka kidogo kidogo, na asubuhi alikuwa yeye.

Asubuhi hiyo ndiyo sijapata kumweleza mtu. Nimeingia, nimemkuta kakaa kwa mito na sahani ya wali na mchuzi wa samaki, wa hospitali, usio na chumvi, na kaumaliza. Siku ngapi alikuwa hajatia chakula tumboni kikakaa. Akaniambia, "Njoo hapa wee. Ulinipa nini?" Nikamwambia. Nikamtajia kwa jina lake. Nikangoja anitukane. Akasema, "Nimemuona mama yangu. Kanikasirikia sijafunga mlango." Akacheka mpaka akaushika ubavu. Akasema, "Mwanangu we, ndio dawa gani hiyo ya kutisha wazee?"

Halafu akauliza, "Na mtoto yuko wapi?"

Nikamwambia nilivyokusema. Kicheko kikamwisha pale pale. Akasema, "Mie ndo nilomwambia. Hakutaka, akanambia baba kasema dawa. Nikamwambia nimekula mbili, mbili haziliwi, nipe ya tatu iwe witiri. Mtoto wa chuoni, utamkatalia vipi bibi yako la dini? Mwambie hana kosa. Mwambie leo."

Leo, alisema. Nikamjibu inshallah, na wewe unajua baba yako akisema inshallah kwa sauti ile maana yake ni nini.

Alifariki baada ya miezi mitatu. Kwa saratani, Nasra. Ini lilikuwa limeshavamiwa tangu kabla ya siku ile, madaktari walinambia mimi na shangazi yako mkubwa, tukakuficheni. Nyonga ilimlaza, hilo siwezi kulikana, ilimtoa kwenye dirisha lake alilokuwa akikaa asubuhi. Lakini haikumuua. Na ile nyonga yenyewe haikuwa yako, na hilo ndilo nnataka kulithibitisha kwako kama unavyothibitishiwa kitu darasani, kwa sababu nnajua hutaniamini kwa neno la mapenzi tu. Wewe toka mdogo unataka sababu.

Kwa hivyo kaa, nisome kama mfamasia.

Baada ya yeye kuondoka nilianza kusoma. Mwanzo majarida ya hospitali aliyokuwa akiniazima daktari mmoja rafiki yangu, baadaye intaneti ilipofika. Mmea ule una viungo vingi vya namna yake, makumi, lakini viwili ndivyo vinavyotajwa zaidi. Kimoja ni tetrahaidrokanabinoli, THC. Cha pili ni kanabidioli, CBD. Vimeumbwa karibu sawa, ukiandika fomula zao utaona atomi zile zile kwa idadi ile ile, mpangilio tu ndio tofauti, na tabia zao haziko pamoja hata kidogo.

THC ndiyo inayolewesha. Ndiyo pia inayozuia kutapika na kuleta njaa, hiyo ndiyo ile iliyokuwa kwenye mistari yangu mitatu. Mwilini mwetu, khasa kwenye ubongo, mna vipokezi ambavyo mwili wenyewe una kitu chake cha kuviendea. Vichukulie kama viti vya barazani. THC inaingia na kukaa kitini barabara, kama mwenye nyumba, na kulingana na kiti ilichokalia, mtu anasikia njaa, au maumivu yanapungua, au moyo unakwenda mbio, au anaona mama yake aliyekufa zamani anamgombeza kwa sababu ya mlango. Kidogo inatuliza na nyingi inatisha. CBD haikai hasa kwenye viti hivyo. Inapita pita, inasogeza kiti hiki na kile, na hailewishi. Wako wanaosema ikiwepo ya kutosha inaipunguza ukali THC, ile khofu isizidi. Wengine bado wanabishana nao. Wewe utakuja kunambia nani kashinda. Kule kwa wazungu sasa wameanza kutengeneza dawa yenye vyote viwili kwa kipimo kinachojulikana, kila tone, na ukisoma utaelewa kwa nini nilikaa kwenye kiti cha ofisi nikalia. Maana ile yangu mie ilikuwa na kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile? Sijui. Hakuna aliyeipima. Nilikuwa nnampa mama yangu kitu ambacho hata jina la nusu yake nilikuwa silijui.

Ile chai haikufanya kazi si kwa sababu ilikuwa hafifu. Katika jani bichi THC bado haijawa yenyewe, moto wa kutosha ndio unaoigeuza, na ikishakuwa haiyeyuki kwenye maji. Inataka mafuta. Kwenye samli ilitoka yote, na mimi nikaihesabu kwa nguvu ya chai.

Na sasa la saa, ambalo ndilo lako. Mtu akiivuta, inapanda kwa dakika. Akiila, lazima ipite tumboni, iende kwenye ini, na ini linaigeuza kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi. Hiyo inachukua saa nzima, saa na nusu, pengine mbili, na tumbo la mgonjwa ndiyo taratibu zaidi. Kwa hiyo nusu saa niliyongoja haikuwa kitu. Sikungoja. Nilipompa ya pili, ya kwanza ilikuwa haijafungua hata mlango.

Hebu hesabu na mimi. Ya kwanza saa nane. Ya pili saa nane u nusu. Ya tatu, yako, nimekwisha toka kwenda msikitini, tuseme saa tisa na dakika ishirini. Mke wa jirani alisikia kishindo imamu wa msikiti wetu ndiyo kwanza anakimu sala ya Laasiri, akanambia mwenyewe. Dakika kumi na tano, ishirini haifiki. Tende yako ilikuwa bado tende. Ilikuwa bado iko tumboni mwake na kokwa lake la lozi nililomtilia ndani ili aipende. Kilichomwinua kitandani, kikamtia khofu, kikamwangusha, ni zile mbili nilizompa kwa mkono wangu. Yako ilikuja kuchangia baadaye, usiku, akiwa keshalala hospitali na muuguzi pembeni, na mimi nilikuwepo, alilala tu. Kama ungelimnyima, angelianguka vile vile, dakika ile ile.

Nimeifanya hesabu hii mara nyingi sana. Mwaka wa pili baada ya kufa kwake nilikuwa nimeshaipata yote, kamili, na nilikuwa nnaweza kukwambia. Ulikuwa darasa la sita. Nikajipa sababu kwamba mtoto huwezi kumtajia bangi, ataisema skuli. Ilikuwa sababu nzuri mwaka ule. Mwaka uliofuata ikawa nzuri kidogo. Ulipofika miaka kumi na sita ilikuwa haina hata mguu wa kusimamia, na mie bado nimeikumbatia.

Halafu ile siku ya matokeo yako, tumekaa mezani, mjomba wako akakuuliza utasomea nini, ukasema ufamasia, unataka kujua vitu vinafanya nini ndani ya mtu. Watu wakakupongeza, "Kamfuata baba yake." Nikainuka nikaenda chooni nikafungua bomba. Mama yako akadhani ni furaha. Ilikuwa na furaha ndani yake, sisemi haikuwa. Lakini nilisikia ulivyosema "ndani ya mtu" na nikajua mtu gani.

Nikupe kisa kimoja kidogo, halafu nikuache. Mwaka juzi aliingia dukani dada mmoja wa Kikenya, Rose, anafanya kazi saluni na anakaa Wadi Kabir chumba kimoja na mwenzake. Kaja mbio, jasho linamtoka, chupa ya dawa ya kikohozi mkononi. Akasema, "Daktari, nimempatia mwenzangu vijiko viwili, nikaona haishiki, nikamuongezea. Sasa analala tu, nikimwamsha anaongea vitu haziko. Nimemuua?" Wote wananiita daktari, nimechoka kuwasahihisha. Na ile kauli ilikuwa imeshanifika kooni, Nasra, umempa nini, nimekuwa nayo miaka yote kama mwiba wa samaki. Nikatoka nyuma ya kaunta. Nikamvutia kiti. Nikamwambia, "Dada Rose, hujamuua mtu. Tuanze na saa. Cha kwanza ulimpa saa ngapi?" Akaanza kuhesabu, akatulia, tukajua kiasi, tukamfuata mwenzake chumbani kwao, tukamtia kwenye teksi mpaka hospitali na karatasi imeandikwa kila kitu. Siku ya tatu walikuja wote wawili na mandazi. Nimeyala mandazi yale huku nikifikiri kwamba nilikuwa nnaweza. Kwamba siku ile ingeliwezekana kukuvutia kiti.

Hilo swali litakuwa ndiyo kazi yako. Kila siku ya maisha yako mtu atakuja na chupa au na majani kwenye mfuko wa plastiki, na itabidi umuulize kampa nini mgonjwa wake. Watakuja pia na majani yale yale niliyoyatumia mie, na watakuwa wamesoma mistari mitatu kama mie. Usiwacheke, na usiwaamini. Waulize kiasi gani, kimepita njia gani, saa ngapi. Lakini kwanza wape kiti. Mie nilijua mambo ya kiti nikiwa na mvi.

Na wewe ukikosea, maana utakosea, mwambie daktari. Mwambie siku hiyo hiyo. Utaona aibu siku moja, na siku moja inakwisha.

Mama yako nimemwambia jana. Ndiyo, jana, usinitazame hivyo. Alisema, "Miaka yote nikampigia kelele mtoto kwa ajili ya tende." Akaingia jikoni. Hajanisamehe bado na sijamhimiza. Na wewe sikuhimizi. Barua hii ukitaka kuichana, ichane, ukitaka kuiweka, iweke. Nimeshaogopa vya kutosha, sitaki nikupe na wewe khofu yangu uisafirishe.

Nimesikia lifti. Si nyinyi, ni mtu wa ghorofa ya juu.

Kwenye begi lako dogo, ndani ya zile soksi nene ulizosema hutazivaa, nimekutilia kikopo. Mna tende za kawaida, za shambani kwa ami yako, hazina kitu isipokuwa kokwa. Sikuzihesabu, na hilo kwangu ni kazi kubwa kuliko unavyodhani. Usizile kwa ajili yangu. Zikikaa humo mpaka zikauke, sawa.

Ila lile swali nililokuuliza mlangoni, ulilijibu, na mimi sikusikiliza jibu. Nimekuwa nikilijibu badala yako miaka kumi, kwa kunyamaza. Basi leo nnarudi palepale, wewe una miaka tisa na kopo mkononi, na watu wameshaingia, na nnataka wao pia wasikie.

Umempa nini bibi yako?

Umempa tende. Alikuomba ukampa, kwa mkono wa kulia, na nnakujua, ulisema bismillahi. Zile nyingine nilimpa mimi.

Baba yako